Jozi Nyekundu

Usichague chenye kioo cha kupapasa,
nilimwambia Tanui, mwana wa dada yangu,
kwenye kiduka nyuma ya soko la Wakulima.
Kule kasokoni kidole hulowa jasho, hubeba vumbi la zaha,
na kioo hukukana kana kwamba hakijawahi kukuona.
Chukua hiki kizee cha vitufe vitano,
kizito kama hindi bichi,
kinachokula betri mbili unazoweza kuzitoa.
Chenye betri iliyoshonewa tumboni
kikifa kimekufa,
na Menengai haina ukuta wa kuchomeka waya.

Betri nilinunua nane, za kuchaji.
Muuzaji alinisogezea nyingine, rangi ya dhahabu,
zimeandikwa elfu tisa.
Nikazipima kiganjani: nyepesi kama maganda ya njugu.
Njia ya mwongo fupi. Nikamrudishia.
Zangu zimeandikwa elfu mbili na ushei, na haziringi.

Nyumbani Bondeni nikazipaka rangi ya kucha:
mbili nyekundu, mbili zambarau, mbili nyeupe,
mbili nikaziacha hivyo hivyo, rangi iliniishia.
Zilizooana zichajiwe pamoja, zichoke pamoja.
Ukiioza iliyoshiba kwa yenye njaa,
iliyoshiba itamkamua mwenzake hadi avuje.
Tanui alicheka.
Alidhani nasema majirani.

Jumanne tukashuka kuhesabu matundu ya mvuke,
Barng'etuny mbele na panga,
mimi na daftari,
Tanui nyuma, kifaa kikimning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi.
Tundu la kumi na tisa. La ishirini.
Saa nne ukungu ukashuka ukakalia leleshwa,
ukatufuta miguu kwanza, kisha viuno.
Kifaa kilionyesha vijiti vinne, betri imejaa.
Vinne.
Vinne.
Giza.
Hakikukohoa, hakikuaga.

Nikakifungua mgongo:
nyekundu moja, zambarau moja.
"Tochi," Tanui akasema. "Stima zilipotea, nilikuwa nasoma."
Tukanyamaza.
"Si kusoma. Redio. Mpira."

Ningemkaripia, lakini na mimi nina langu.
Sikuwa nimekiambia kifaa kinalishwa nini.
Ndani ya menyu kilidhani bado ni zile za kutupwa,
ambazo hufifia polepole, kama mgonjwa anayeaga ukoo mzima.
Hizi za kuchaji husimama wima
hadi hatua ya mwisho,
halafu huanguka na mzigo kichwani.
Kwa hiyo vile vijiti vinne
nusu vilikuwa uongo wa Tanui
na nusu ulikuwa uvivu wangu.

Mjini husema kasoko humzungusha mtu,
kwamba utapita jiwe lako mara tatu ukilisalimu kama mgeni.
Sikutaka kulikumbuka hilo, nikalikumbuka.

Barng'etuny akaingiza mkono chini ya sweta,
akatoa soksi, na ndani ya soksi jozi nyeupe,
vuguvugu kama mayai yaliyotoka kutagwa.
"Baridi huzila kabla yako," akasema.
Hakusema zaidi. Hakumtazama kijana.

Simameni, nikawaambia.
Kikiamka upya kipe mbingu na kipe utulivu,
kikamate setilaiti moja moja.
Ya kwanza. Ya pili, ikatoweka, ikarudi.
Tulisimama kama watu wanaongojea jina lao hospitalini.
Ya tatu.
Ya nne ikatuweka duniani:
mita kumi na moja kutoka njia tuliyojia,
ongeza tano, toa tano.

Kumi na moja! Urefu wa jikoni mbili.
Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nani atamlisha paka.

Mshale ukaelekeza kushoto, umenyooka, hauna shaka.
Tanui akainua mguu.
Barng'etuny akamshika ukosi,
akaokota jiwe, akalitupa pale mshale ulipotaka twende.
Tukasikiliza.
Jiwe liligonga, likagonga tena chini zaidi,
kisha halikugonga.

Tukazunguka ule ufa kwa kupapasa na panga.
Nyuma yangu nilisikia penseli.
Tanui alikuwa ameniomba daftari,
ananakili tarakimu za pale tulipokuwa,
anazitamka moja moja, kwa sauti ndogo,
bila kuambiwa.